Kutoka Bukavu hadi Goma kwa Maji

Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yana njia moja tu ya kutokea: mto Ruzizi, unaoanzia ukingoni mwa Bukavu na kuteremka kusini mpaka Ziwa Tanganyika. Zamani haikuwa hivyo. Maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia. Bonde likajaa, maji yakapanda mwaka hadi mwaka, na miaka elfu kumi hivi iliyopita yakafurika upande wa kusini na kujichongea mto mpya. Ndiyo maana pwani ya Bukavu imekatikakatika. Rasi tano za mji huu zinazoingia ziwani ni migongo ya vilima ambavyo mabonde yake yalizama, na kisiwa cha Idjwi ni mlima uliozungukwa na maji.

Usawa wa ziwa hili hauachiwi mvua peke yake. Kilomita chache kutoka mahali mto unapoanzia, pale Mururu, kuna bwawa la Ruzizi I, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Milango yake ikiinuliwa, mto unapata maji. Ikishushwa, ziwa linajiwekea akiba. Chini yake kuna Ruzizi II, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Kongo, Rwanda na Burundi. Taa za Bukavu zinategemea mabwawa hayo, na mvua zikipungua wenyeji hulipa kwa giza. Ziwa lenyewe ni pana kiasi kwamba sentimita moja tu ya maji yake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 23, na mto unahitaji siku kadhaa kuyatoa. Basi yule anayeshika milango ya Mururu anashika pia kimo cha kila gati kuanzia Bukavu hadi Goma. Wachukuzi wanalijua hilo kwa miguu yao: mwisho wa kiangazi ubao wa kupandia melini huinama zaidi, na gunia la kilo mia huwa zito kuliko lilivyokuwa Aprili.

Kwa meli, ziwa ni sakafu moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ngazi ziko Ruzizi, na huko hakuna chombo kinachopita. Kati ya Kivu na Tanganyika maji yanashuka karibu mita 690, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko katika magenge ya kilomita arobaini za mwanzo, kabla mto haujafika kwenye tambarare ya Kamanyola. Wapelelezi Livingstone na Stanley walipofika kwa mtumbwi kwenye ncha ya kaskazini ya Tanganyika, mwezi Novemba 1871, walitaka kujua jambo moja: Ruzizi inaingia ziwani au inatoka? Waliikuta inaingia. Wenyeji wa bonde hawakuhitaji msafara kulijua hilo, lakini huko Ulaya lilibadilisha ramani, kwa maana Tanganyika haikuweza tena kudhaniwa kuwa chanzo cha Nile kwa njia ya mto huo.

Uingereza, ambako mifereji ya usafiri ilichimbwa kwa wingi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, mteremko wa namna hii hupandwa kwa vyumba vya maji. Chumba kina milango miwili, mmoja juu na mmoja chini. Boti ikitoka chini inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, kisha maji ya juu yanaruhusiwa kuingia kupitia vitundu hadi chombo kinainuka na kulingana na mfereji wa mbele. Ndipo mlango wa pili unafunguliwa. Msafiri mwenyewe ndiye anayeteremka, anayezungusha nyenzo na kusukuma milango kwa mgongo. Pale Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, vyumba 29 vinapandisha boti mita 72, na kazi hiyo huchukua saa tano au sita. Kwa kipimo hicho Ruzizi ingehitaji vyumba zaidi ya 270, tena ndani ya magenge ya mawe. Hakuna aliyewahi kuvijenga.

Badala yake bidhaa zilibebwa. Wakati wa Wabelgiji reli iitwayo CEFAKI ilitoka Uvira, kwenye Tanganyika, ikakata tambarare ya Ruzizi hadi Kamanyola. Kuanzia hapo mizigo ilipanda milima kwa malori mpaka Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville, na huko ikapakiwa tena melini kwenda kaskazini. Reli ilikufa mwishoni mwa miaka ya 1950. Barabara ya mlimani, yenye makona ya Ngomo yanayoogopwa na kila dereva, ingali inafanya kazi ile ile. Hata samaki walibebwa. Ziwa Kivu halikuwa na dagaa wa maji ya wazi, kwa kuwa samaki wa Tanganyika hawawezi kupanda maporomoko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walichukuliwa kule na kumwagwa huku. Wakazaana. Ndio sambaza wanaoliwa leo kwa bugali katika kila nyumba ya Bukavu, na ni vigumu kutaja kazi nyingine ya wakati ule iliyowafaa watu wa kawaida kwa muda mrefu kiasi hicho.

Safari ya Bukavu hadi Goma ni ya kilomita mia moja hivi kwa maji. Kwa nchi kavu ni kama mia mbili, kupitia Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova na Sake, na ni barabara ambayo mvua huivunja na vita huifunga. Kwa sababu hiyo ziwa ndilo barabara kuu ya mikoa miwili ya Kivu, Kusini na Kaskazini. Wenye haraka na fedha hupanda boti za mwendo, zinazofika kwa saa mbili au tatu. Wengine, na karibu mizigo yote, huenda kwa meli za chuma zinazochukua siku nzima au usiku kucha. Safari inayokumbukwa hapa ni ya meli ya namna hiyo, mchana wa kiangazi, kabla ya vita vya 2025.

Kazi ya siku huanza kabla mwanga haujakamilika. Mizigo huteremka kutoka Kadutu na masoko mengine ya mlimani kwa malori madogo, kwa mikokoteni na kwa migongo ya watu. Wachukuzi wengi ni wanawake. Kamba ya mzigo inapita kwenye paji la uso, shingo inasimama wima, mikono inabaki huru kushika ukuta pale njia inapoteleza. Anayewaona kwa mara ya kwanza hutazama uzito. Anayewaona kila siku hutazama miguu, namna kidole gumba kinavyopapasa ubao kabla ya kisigino kushuka. Hao ndio nguzo ya biashara ya ziwa, na malipo yao hayalingani hata kidogo na kazi hiyo.

Mpangilio wa mizigo ndio unaoamua usalama wa meli kuliko hali ya hewa. Vizito hukaa chini kabisa na katikati: saruji, bidoni za mawese, makreti ya bia. Vyepesi hukaa juu: magodoro, mabeseni, vifurushi vya nguo. Nahodha mzuri hasimami kwenye usukani saa hiyo. Anasimama gatini, macho kwenye mstari uliopakwa rangi ubavuni mwa meli. Mstari ukizama, upakiaji umekwisha, hata kama wenye mali wangali wanapiga kelele. Siku ile ulikuwa unaonekana kwa upana wa viganja viwili, na mfanyabiashara mmoja aliyeleta magunia ya mwisho alirudishwa nayo juu ya gari. Alilalamika sana. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, na hakubadili neno.

Baada ya mizigo hupanda watu. Kutoka Kivu Kusini kwenda Kivu Kaskazini abiria huonyesha kitambulisho, na kwa wengi hiyo ni kadi ya mpiga kura. Kisha jina huandikwa kwenye orodha. Hapa mambo huharibika kwa urahisi, kwa kuwa orodha hutengenezwa kwa tiketi, na si kila anayepanda ana tiketi. Watoto hubebwa mgongoni, vijana wa mizigo huruka dakika ya mwisho, jamaa wa mabaharia huingia kwa salamu. Siku ile kwenye ubao alikuwapo karani mzee mwenye daftari la kurasa pana, na mama mmoja alifika na mtoto kifuani.

“Mama, huyu mtoto anaitwa nani?”

“Huyu angali mdogo, papa. Halipi.”

“Sitafuti pesa yake, mama. Natafuta jina lake.”

Mama akalitaja, karani akaliandika chini ya jina la mama, na foleni ikaendelea. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Karani huyo aliandika kila jina kwa namna hiyo, hata la kijana aliyepanda kuuza mayai ya kuchemsha na kushuka kabla ya kung’oa nanga. Alipomwona anashuka, alilikata kwa mstari mmoja. Kazi ya daftari lile haionekani na abiria hawaisifu, lakini katika yote yanayofanyika gatini hakuna linalostahili heshima zaidi.

Meli iling’oa nanga kwenye saa moja na nusu asubuhi. Kutoka gatini inapita mbele ya rasi za mji, nyumba za zamani za Wabelgiji upande mmoja, na upande wa kulia vilima vya Rwanda, Cyangugu na Kamembe, vilivyo karibu kiasi kwamba mtu anayefua nguo ng’ambo anaonekana anavyozikung’uta. Ghuba ya Bukavu ni nyembamba na maji yake hutulia asubuhi. Huko wavuvi wa sambaza huwa wanarudi. Chombo chao ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wavu hushushwa katikati usiku, taa huwashwa juu yake, samaki wakikusanyika chini ya mwanga wavu huinuliwa. Wanapopiga makasia kurudi huimba, mmoja akitangulia na wengine wakipokea, na wimbo ndio unaofanya mitumbwi mitatu iende kama mmoja. Meli ya siku ile ilipunguza mwendo ilipowapita, ili mawimbi yake yasiwamwagie maji. Si kila nahodha anafanya hivyo.

Baada ya ghuba ziwa linafunguka. Mpaka wa Rwanda unapita mashariki ya Idjwi, kwa hiyo meli za Kongo hupita magharibi, kati ya kisiwa na nchi kavu. Kushoto ni Kabare na Katana, na nyuma yake milima ya Kahuzi, wenye mita 3,308, na Biega. Kulia ni Idjwi. Kisiwa hiki kina urefu wa kilomita arobaini hivi, na katika visiwa vya maziwa ya Afrika, kile kinachokizidi ukubwa ni Ukerewe cha Ziwa Victoria. Mkataba wa 1910 uliogawa eneo la Kivu uliwapa Wabelgiji kisiwa hicho. Wajerumani wakakivamia Septemba 1914, na baada ya vita kikabaki Kongo. Kwa mwendo wa meli ya mizigo huwa mbavuni kwa karibu saa tatu: mashamba ya migomba, mihogo, mananasi, na kahawa inayopanda mpaka kilele. Kahawa hiyo ina historia ya uchungu. Kwa miaka mingi bei ya Kongo ilikuwa mbaya kiasi kwamba wakulima waliivusha usiku kwenda kuiuza Rwanda, mitumbwi ikijaa kupita kiasi, bila taa. Wengi walizama, na Idjwi ikabaki na wajane wa kahawa. Vyama vya ushirika vilipoanza kuwanunulia mazao hapo hapo kisiwani, sababu ya kuvuka usiku ilianza kupungua. Aliyejenga mahali pa kuoshea kahawa kisiwani ameokoa watu majini pia, ingawa haandikwi miongoni mwa waokoaji.

Idjwi ingali kulia wakati Kalehe inapoonekana kushoto. Pwani ya Kalehe ni nzuri machoni, yenye ghuba nyingi na masoko ya ufukweni, lakini watu wa ziwa huipita na kumbukumbu nzito. Katikati ya Aprili 2019 boti ilizama huko, na watu wapatao 150 walitajwa kuwa hawajulikani walipo. Rais Félix Tshisekedi, aliyekuwa ameingia madarakani miezi michache tu kabla, alifika na kuagiza kwamba kila abiria wa ziwa avae jaketi la kuokolea. Agizo hilo lilibadilisha kitu. Kwenye gati kubwa jaketi zilinunuliwa, zikagawiwa, na abiria wakazoea kuzivaa wakati wa kuondoka. Ugumu ni kwamba jua likipanda huvuliwa na kuwekwa chini ya kichwa, au hukaliwa, na mikanda hukatika bila kushonwa. Katika safari hii zilikuwapo za kutosha watu wazima. Za watoto zilikuwa chache sana, na jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitatu halifai: akianguka majini linapanda juu na kumtoka kichwani.

Mchana upepo huamka. Kaskazini ya Idjwi hakuna tena kisiwa cha kuuvunja, na hapo ndipo ilipo sehemu pana na yenye kina kirefu kuliko zote, karibu mita 480. Mawimbi si ya bahari, lakini yanatosha kuionyesha meli iliyopakiwa vibaya. Iliyo nzito juu hulala upande mmoja na kuchelewa kuinuka. Iliyo nzito chini huyumba na kurudi upesi. Abiria wana sehemu yao katika hilo. Wakikimbilia upande mmoja kutazama kitu, uzito wa watu mia mbili unahama kwa dakika moja. Baharia mwenye sauti nzuri ni kifaa cha usalama: siku ile alipita kati ya viti na kuwaomba wababa kwa upole warudi katikati, na walirudi.

Chini ya maji hayo kumefungiwa hewa nyingi: kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni dioksidi na 60 hivi za methani, zilizoshikwa na uzito wa maji ya juu. Meli haiwezi kuzigusa. Zimelala kwenye kina kirefu, katika tabaka lisilochanganyika na la juu. Upande wa Rwanda, huko Kibuye, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiivuta methani na kuigeuza umeme tangu miaka ya 2010. Kwa abiria hatari zinabaki zile zile za kawaida: uzito, upepo na giza.

Minova huachwa upande wa kushoto, karibu na mdomo wa ghuba ya Kabuno. Kutoka hapo hadi Goma ni mwendo mfupi, na ndiyo njia ya boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova tarehe 3 Oktoba 2024 na kupinduka mbele ya gati la Kituku, watu wa nchi kavu wakiiona kwa macho. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na mapigano, kwa hiyo wote waliokuwa na soko Goma walihamia majini kwa pamoja. Walikufa watu wengi. Idadi ya waliokuwamo na ya waliopotea ilitajwa kwa namna tofauti siku baada ya siku, na familia zilizunguka hospitali na vyumba vya maiti zikitafuta ndugu ambao hakuna karatasi iliyokuwa imewataja. Daftari la karani haliinui mtu kutoka majini. Lakini linamwambia mwenye mitumbwi ya kuokoa atafute watu wangapi, na linampa baba aliyebaki jibu siku ile ile.

Goma huonekana kwanza kwa moshi wa Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, kisha kwa mawe meusi ya ufukweni, ambayo ni lava iliyopoa. Januari 2002 lava hiyo ilipita katikati ya mji na kuingia ziwani. Mei 2021 mlima ulitapika tena, na siku chache baadaye sehemu ya mji iliamriwa ihame. Maelfu walikimbilia magati, na meli zilezile za mizigo ziliwaleta Bukavu, wakapokewa na jamaa, parokia na watu wasiowajua. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, na katikati ya Februari Bukavu nayo. Safari za ziwani zilisimama, kisha zikarudi, kwa kuwa miji hii miwili haiwezi kula bila kupeana chakula.

Kushusha mizigo huchukua muda mrefu kuliko kufunga kamba gatini. Kinachopakiwa mwisho hutoka kwanza, kwa hiyo mwenye saruji husubiri hadi mwenye magodoro aondoke, na wazoefu huenda kula kwanza. Wachukuzi wa Goma hutumia mkokoteni wa mbao uitwao chukudu, ambao haufai kwenye milima ya Bukavu lakini kwenye mji huu tambarare hubeba mzigo wa watu kadhaa. Tumbo la meli likishakuwa tupu, sakafu hufagiwa na kumwagiwa maji, na upakiaji wa kurudi huanza jioni hiyo hiyo: viazi na kabichi, maharage ya Rutshuru, vitunguu, na jibini ya Masisi katika mafundo ya duara, ambayo huwekwa juu, mbali na injini, ili ifike Bukavu ikiwa ngumu.